Kipande cha Kitambaa Ambacho Hakikufika Mahakamani

Aprili 1985, asubuhi ya siku ya kwanza ya kesi, mwendesha mashtaka mmoja wa New Orleans aitwaye Gerry Deegan alikwenda kwenye stoo ya vielelezo ya polisi, akasaini, akachukua vielelezo vyote vya shauri la unyang'anyi wa kutumia silaha lililokuwa linaanza siku hiyo. Kimojawapo kilikuwa kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye suruali ya mmoja wa waliovamiwa. Kilikuwa na doa la damu, na damu hiyo haikuwa ya mwenye suruali. Ilikuwa ya mnyang'anyi mwenyewe, ilimdondokea katika purukushani. Kutoka pale Deegan alikwenda kwenye stoo ya vielelezo ya mahakama, akakabidhi alivyokuwa navyo. Alikabidhi vyote, isipokuwa kitambaa.

Kielelezo kina njia yake. Kila mkono unaokipokea huacha sahihi, ili siku ikiulizwa kilikuwa wapi saa fulani, daftari lijibu. Hapa daftari lilijibu, ila hakuna aliyeliuliza kwa miaka 14. Kilichotoka stoo moja hakikuingia chote kwenye stoo ya pili, na pengo hilo lilichangia kumweka John Thompson gerezani miaka 18, ambayo 14 kati yake aliishi akisubiri kuuawa na serikali.

Wanasheria wengi wanalifahamu jina la Thompson kutokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2011, Connick dhidi ya Thompson, ambayo ni hukumu ya fidia. Nitaifikia. Lakini kinachonifanya nikichambue kisa hiki ni jambo lililo nje ya hukumu ile. Damu ile au karatasi yake ilipita mikononi mwa mawakili kadhaa wa serikali. Mwingine, ambaye alikuwa ameshaiacha kazi hiyo, aliisikia habari yake kwa masikio yake. Kila mmoja alipata siku yake ya kusema. Aliyekuja kuadhibiwa na taaluma ni mmoja tu, naye ni yule aliyesema, tena baada ya kuchelewa mno.

Kesi mbili, mshtakiwa mmoja

Tarehe 6 Desemba 1984 mtu wa familia inayojulikana mjini New Orleans alipigwa risasi akafa. Januari 1985 polisi walimkamata Thompson, aliyekuwa na umri wa miaka 22 na watoto wawili wadogo wa kiume, pamoja na mwenzake mmoja. Yule mwenzake aligeuka kuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Picha ya Thompson ilipotoka gazetini, familia moja iliiona. Watoto wao walikuwa wamevamiwa na mtu mwenye bunduki wiki chache tu baada ya mauaji yale, na sasa wakasema huyu wa gazetini anafanana na aliyewavamia. Kwa hiyo Thompson akawa na mashtaka mawili: mauaji na unyang'anyi.

Hapo ofisi ya mashtaka ilifanya uamuzi wa kimkakati. Mauaji ndiyo yaliyotangulia, lakini iliamua kuanza na kesi ya unyang'anyi. Hesabu yake haikuwa ngumu. Thompson akitiwa hatiani kwa unyang'anyi, kwenye kesi ya mauaji atabanwa kotekote. Akipanda kizimbani kujitetea, ataulizwa mbele ya juri kuhusu rekodi yake, na wale raia 12 watamtazama kama jambazi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Asipopanda, juri itasikia upande mmoja tu. Na ukifika wakati wa kupanga adhabu, ile hatia ya unyang'anyi itakuwa sababu ya kuomba kifo. Mpango wenyewe hauvunji sheria. Waendesha mashtaka hupanga mashauri yao kila siku, wala silaumu kupanga. Nataka tu msomaji aelewe uzito ulioning'inia kwenye kile kitambaa, kwa sababu kesi iliyoonekana ndogo ndiyo iliyobeba ile kubwa. Anayeficha kitu kwenye ile ndogo anakificha kwenye zote mbili.

Ikawa kama ilivyopangwa. Thompson alihukumiwa miaka 49 na nusu kwa unyang'anyi. Wiki chache baadaye, kwenye kesi ya mauaji, hakupanda kizimbani kujitetea, akahukumiwa kifo.

Kwenye ile kesi ya mauaji nako kulikuwa na yaliyofichwa. Shahidi aliyeshuhudia tukio alikuwa amewaeleza polisi kwamba muuaji alikuwa mrefu, wa futi 6 hivi, mwenye nywele zilizokatwa chini. Thompson alikuwa mfupi kuliko hapo, na wakati huo alifuga nywele ndefu za afro. Yule mwenzake aliyegeuka shahidi ndiye aliyekuwa mrefu mwenye nywele fupi. Maelezo hayo hayakuwafikia mawakili wa utetezi. Naliacha hapa, maana kitambaa peke yake kinatosha kwa uchambuzi huu, lakini lisisahaulike. Ofisi ambayo imezoea kuficha haifichi kimoja.

Ripoti iliyowekwa mezani

Siku mbili kabla ya kesi ya unyang'anyi kuanza, maabara ya polisi ilitoa majibu: damu iliyo kwenye kitambaa ni ya kundi B. Ripoti ilimfikia mwendesha mashtaka Bruce Whittaker, ambaye ndiye aliyeidhinisha mashtaka. Whittaker alieleza baadaye kwamba aliiweka juu ya meza ya Jim Williams, mwendesha mashtaka aliyekuwa anakwenda kuiendesha kesi pamoja na Deegan. Williams akasema hakuiona kamwe.

Hapo ndipo penye fundisho kwa yeyote anayeingia kazi hii. Hatuna mahali tunapomwona mtu mmoja akikaa na kupanga uovu mwanzo hadi mwisho. Tunaona karatasi ikitoka mkono hadi mkono, na kila mkono una maelezo yake. Wa kwanza ameifikisha mezani. Wa pili hakuikuta mezani. Wa tatu amechukua vielelezo kwa sahihi yake, kimoja hakikufika, na hakuna aliyemuuliza. Katika ofisi yenye majalada mengi na kesi inayoanza keshokutwa, maelezo ya namna hiyo yanaaminika kwa urahisi, na kwa sababu hiyohiyo ni ya hatari. Wakili wa serikali hamalizi wajibu wake kwa kuweka karatasi mezani kwa mwenzake. Anaumaliza karatasi inapomfikia wakili wa upande wa pili, kwa barua yenye tarehe na sahihi ya aliyepokea.

Kuna hoja iliyotolewa kuwatetea, na inastahili kujibiwa kwa uzito wake. Hakuna ushahidi kwamba waendesha mashtaka walijua kundi la damu la Thompson. Kama hawakulijua, watajuaje kwamba ripoti ya kundi B inamnusuru?

Ni kweli kwamba hakuna aliyempima. Lakini tujiulize maana yake. Una damu ya mhalifu. Una mshtakiwa yuko rumande, chini ya mamlaka yako. Kumtoa damu ni suala la dakika chache, na kipimo cha kundi la damu kilikuwa jambo la kawaida kabisa mwaka 1985. Mwendesha mashtaka anayeamini kwa dhati kwamba ana mtu sahihi angekuwa wa kwanza kukimbilia kipimo hicho, kwa kuwa majibu ya B yangemfungia kazi. Asiyempima ana jambo analoliogopa, au ameridhika kutokujua. Nami sioni tofauti kubwa ya kimaadili kati ya kuficha unachokijua na kukaa mbali na kipimo ili usijue. Asiyetaka kujua na aliyejua wamemfikisha Thompson mahali pamoja.

Tena sheria haikumwomba mwendesha mashtaka awe na hakika kwamba ripoti ile inamwokoa mshtakiwa. Ilimtaka aitoe. Sera ya ofisi yenyewe ilikuwa kwamba ripoti za maabara hupewa upande wa utetezi. Wakili wa Thompson angeipata, angemuuliza mteja wake kundi la damu yake, na kesi ingeishia hapo. Thompson alikuwa kundi O.

Wajibu huu haukuwa mpya wakati huo. Mwaka 1935, katika shauri la Berger, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeeleza kwamba wakili wa serikali si mwakilishi wa mgomvi wa kawaida anayetaka kumshinda mwenzake. Anaiwakilisha dola, ambayo haina haja ya kushinda kesi. Haja yake ni haki itendeke. Anaruhusiwa kupiga kwa nguvu, haruhusiwi kupiga kwa hila. Mwaka 1963, katika shauri la Brady dhidi ya Maryland, mahakama hiyohiyo iliweka kanuni ambayo waendesha mashtaka wengi wa nchi ile huisikia wakiwa bado chuoni: ushahidi ulio mikononi mwa serikali unaomsaidia mshtakiwa, na wenye uzito katika suala la hatia au adhabu, lazima apewe. Kati ya Brady na asubuhi ile ya kitambaa kulikuwa kumepita miaka 22.

Kwa nini basi? Jibu moja ni jinsi ofisi inavyojipima. Harry Connick, aliyeiongoza ofisi ile kuanzia miaka ya 1970 hadi 2003, alikiri baadaye akihojiwa kwamba tangu ashike wadhifa aliacha kusoma vitabu vya sheria na kufuatilia hukumu mpya. Naye Williams alikuwa na kiti kidogo cha umeme cha mfano mezani kwake, kimebandikwa picha za watu 5 aliowafikisha kwenye hukumu ya kifo. Nikikifikiria kiti kile nasikitika kuliko ninavyosikitika kwa ripoti iliyopotea. Ripoti inaweza kupotea kwa uzembe. Kiti cha mfano hununuliwa au hutengenezwa, hupangwa picha, huachwa pale mezani kila anayeingia akione, bosi akione, vijana waliotoka chuo juzi wakione nao wajifunze hapa anasifiwa nani. Hakuna warsha ya maadili inayoweza kushindana na kitu kinachoonekana mezani kila siku.

Maneno ya mtu anayekufa

Mwaka 1994, Deegan alikuwa ameshaondoka ofisi ya mashtaka. Siku aliyoambiwa na madaktari kwamba saratani ya utumbo mpana itamuua, alikutana baa na rafiki yake Michael Riehlmann, ambaye naye aliwahi kuwa mwendesha mashtaka katika ofisi ileile. Wakiwa wamekaa pale, Deegan akamwambia kwamba aliwahi kuficha ushahidi wa damu katika kesi aliyoiendesha, damu ambayo ingemsaidia mshtakiwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa methali imetimia karibu neno kwa neno. Deegan aliishi na jambo hili miaka 9 bila kumwambia hakimu wala wakili wa upande wa pili, mpaka siku alipopewa kifo chake mwenyewe ndipo lilipomtoka. Sioni sababu ya kumdhihaki. Nadhani alitaka kulitua. Ila alilitua mahali ambapo halikuwa na faida kwa aliyekuwa gerezani.

Riehlmann alishtuka, akamwambia rafiki yake arekebishe jambo hilo. Deegan alifariki Julai 1994, na hakuna kilichorekebishwa. Kuanzia siku ile, katika watu walio hai tunaowajua kwa jina, Riehlmann ndiye aliyebeba habari ile kutoka kinywani mwa mhusika. Alikaa nayo miaka 5.

Kwa nini alinyamaza? Alieleza baadaye kwamba wakati ule alikuwa katika misukosuko mikubwa ya maisha na ndoa, akili yake haikuwa imetulia. Naamini ni kweli. Mtu aliyezama kwenye matatizo ya nyumbani anaweza kuweka jambo zito pembeni akisema nitalishughulikia kesho, na kesho ikawa mwaka. Lakini tutenganishe kumwelewa mtu na kumwondolea wajibu. Ilikuwa kwenye mizani siku ile ya baa: upande mmoja jina zuri la rafiki anayekufa; upande wa pili mtu fulani, mahali fulani, aliyefungwa kwa kesi isiyo safi. Hata kama Riehlmann hakujua ni nani, alijua yupo.

Hapa watu huuliza kuhusu siri. Je, wakili hafungwi na siri? Hufungwa, ila siri ya kitaaluma ni ya mteja kwa wakili wake. Riehlmann hakuwa wakili wa Deegan. Walikuwa marafiki wawili wenye kazi moja. Siri ya marafiki ni kitu cha heshima, na nisingependa kuishi mahali ambapo haiheshimiwi, lakini haina nguvu ya kumweka mtu kwenye hatari ya kuuawa. Na Deegan alipozikwa, kilichobaki kulindwa kilikuwa sifa yake tu.

Alikuwa na milango mitatu. Angekwenda mahakamani, angekwenda kwenye chombo cha nidhamu ya mawakili cha Louisiana, angemtafuta wakili wa mtu aliyefungwa. Mlango wowote ungefaa mwaka 1994. Kanuni ya 8.3 ya maadili ya mawakili wa jimbo lile ilisema wazi wakati huo kwamba wakili anayejua kuwa maadili yamevunjwa, na ambaye habari hiyo hakuipata kwa siri ya mteja, lazima atoe taarifa kwa mahakama au kwa mamlaka yenye uwezo wa kuchunguza. Kanuni haikuwa na kifungu cha urafiki, wala cha baa.

Wakati huo Thompson alikuwa gereza la Angola, jimboni Louisiana, akishinda peke yake kwenye selo ya waliohukumiwa kifo. Tarehe za kuuawa kwake zilipangwa mara 6 na mawakili wake wakazisogeza. Ya 7 ilikuwa tarehe 20 Mei 1999, na rufaa zilikuwa zimekwisha. Mawakili wawili kutoka Philadelphia waliokuwa wakimtetea tangu mwaka 1988 bila malipo walikwenda kumwambia. Thompson alitazama kalenda: siku inayofuata mwanawe alikuwa anahitimu sekondari.

Ikiwa imebaki kama mwezi mmoja, mpelelezi wa upande wa utetezi aliyekuwa akipekua kumbukumbu za zamani za maabara ya polisi zilizohifadhiwa kwenye filamu ndogo akaikuta ripoti ile. Kundi B. Thompson akapimwa, akaonekana ni O. Muda wote ule ripoti haikuwa imechomwa wala kufukiwa. Ilikuwa kwenye kumbukumbu za serikali ileile iliyotaka kumuua.

Habari zilipomfikia Riehlmann, alielewa. Tarehe 27 Aprili 1999 alikula kiapo cha maandishi na kuwapa mawakili wa Thompson, akaeleza aliyoambiwa na Deegan. Utekelezaji wa hukumu ulisimamishwa. Hatia ya unyang'anyi ilifutwa mwaka huohuo. Hukumu ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ilifuta na hatia ya mauaji, kwa sababu ile hatia ya unyang'anyi isiyostahili ndiyo iliyomnyima Thompson nafasi ya kujitetea kwa mdomo wake. Mwaka 2003 kesi ya mauaji ilisikilizwa upya. Safari hii Thompson alipanda kizimbani, na juri iliona yale ambayo ile ya kwanza ilifichwa. Ilijadiliana dakika 35, ikamwachia huru.

Aliyekaripiwa

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Louisiana ilitoa uamuzi wa kinidhamu dhidi ya Riehlmann. Alijitetea kwamba hakuwa na hakika kama Deegan kweli alitenda aliyoyasema. Mahakama ilimjibu kwamba kanuni haisubiri hakika kamili. Inatosha kuwe na mambo ambayo wakili mwenye busara, akiyapima, angeamini kwa dhati kwamba huenda uovu umetendeka kuliko kutotendeka. Na maneno ya Deegan yalifikia kiwango hicho: mtu aliyeambiwa leo kwamba anakufa hana faida yoyote kwa kujisingizia. Mahakama ikaongeza kwamba taarifa lazima itolewe mapema, maana lengo lake ni kuulinda umma na taaluma dhidi ya makosa mengine ambayo mhusika anaweza kuyafanya. Na ile hati ya kiapo kwa mawakili wa utetezi, japo ilisaidia kuokoa uhai, haikuwa taarifa kwa mamlaka husika kama kanuni inavyotaka. Adhabu ilikuwa karipio la hadharani.

Nimeshabishana na wanasheria wenzangu kuhusu uamuzi huu. Wapo wanaosema Riehlmann hakustahili hata karipio, kwamba ukimwadhibu aliyesema, wote watakaofuata watajifunza kunyamaza mpaka kaburini. Hoja hiyo siidharau. Lakini sikubaliani nayo. Miaka 5 si siku 5. Kama mpelelezi asingeikuta ripoti mwezi ule, hatuna sababu ya kuamini kwamba Riehlmann angesema, na Thompson angekufa Mei 1999 huku wakili mmoja mjini akijua. Alistahili karipio, na karipio lilikuwa jepesi.

Kinachonikera ni kwamba jina lake limebaki peke yake. Deegan alikufa, haulizwi. Lakini waliobaki katika ile safari ya ripoti, kuanzia aliyeipokea hadi waliosimama mbele ya juri bila kuitaja, hakuna aliyepewa adhabu ya kinidhamu kwa kesi ya Thompson. Aliyesikia aliadhibiwa kwa kutosema. Waliotakiwa kutoa ushahidi wenyewe, kwa wajibu wa kazi yao ya kila siku, hawakuguswa.

Basi Thompson akaenda kudai fidia. Sheria ya Marekani inamlinda mwendesha mashtaka binafsi. Tangu shauri la Imbler la mwaka 1976 hawezi kudaiwa fidia kwa anayoyafanya akiendesha kesi, hata akifanya kwa nia mbaya. Thompson alipita njia nyingine, akaishtaki ofisi yenyewe kwa kutowafundisha mawakili wake wajibu wa Brady. Juri ilimpa dola milioni 14, kama milioni moja kwa kila mwaka wa kusubiri kifo.

Tarehe 29 Machi 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta fidia hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Clarence Thomas, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema tukio moja halitoshi kuibebesha ofisi lawama ya kutofundisha. Lazima kuwe na mfululizo wa makosa yanayofanana. Katika miaka 10 kabla ya kesi ya Thompson, mahakama za Louisiana zilikuwa zimefuta hatia 4 kwa sababu ofisi ya Connick ilificha ushahidi, lakini walio wengi waliona hizo hazifanani na hili, kwa kuwa hazikuhusu damu wala ripoti ya maabara. Tena, wakasema, wakili ni mtu aliyesomeshwa, ana leseni, na ana chombo cha nidhamu juu yake. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, na alisoma muhtasari wa maoni yake kwa sauti pale mahakamani, jambo ambalo majaji hao hulifanya kwa nadra wanapotaka kuonyesha uzito wa kutokubaliana kwao. Kwake, yaliyomfika Thompson hayakuwa bahati mbaya ya mtu mmoja mkorofi. Yalitoka kwenye ofisi ambayo haikujali kujua wajibu wake.

Ukizisoma pamoja hukumu ya Imbler na ya Connick utaona zinaegemea mahali pamoja. Zote mbili zinaufunga mlango wa fidia zikielekeza kwenye mlango wa nidhamu: usimdai mwendesha mashtaka, taaluma yake itamshughulikia. Hiyo ndiyo ahadi iliyotolewa kwa umma ili kuhalalisha kinga. Katika shauri la Thompson hakukuwa na fumbo la kufumbua. Ripoti ilikuwepo, madaftari ya stoo yalikuwepo, kiapo kilikuwepo, na ofisi yenyewe ilikiri mahakamani kwamba kutoitoa ripoti kulivunja kanuni ya Brady. Kama ahadi haikutekelezwa hapo, sijui itatekelezwa kwenye shauri gani ambalo karatasi zake zimepotea kweli.

Nisichokubaliana nacho kabisa katika hoja ya walio wengi ni kuitegemea elimu ya chuo. Brady chuoni ni swali la mtihani, na majibu yake yako kwenye kitabu. Ofisini ni ripoti inayofika jioni, kesi ikiwa keshokutwa, mbele yako kuna ushahidi wa utambuzi wa watoto walioogopeshwa na bunduki, nawe umeshaamini kwamba huyu ndiye. Imani hiyo ndiyo inayopofusha. Ushahidi unaomsaidia mshtakiwa huja kwako ukiwa na sura ya usumbufu, kitu kidogo kinachoharibu kesi nzuri, na ni lazima uwe umeshafundishwa, tena mara nyingi, na mkubwa wako awe anakagua, ili mkono uende kwenye bahasha ya wakili wa utetezi kabla akili haijaanza kutafuta sababu.

Baada ya hukumu ile Thompson aliandika hadharani kwamba fedha hazikuwa shida yake. Alitaka kujua kwa nini waliouficha ushahidi na kukaribia kumuua hawakupelekwa gerezani wao. Alibaki New Orleans, akaanzisha shirika la kuwapokea wanaotoka magerezani baada ya kuonekana hawana hatia, kwa maana yeye alitoka akiwa na vitu vyake vichache na hakuna aliyempa hata mwelekeo. Moyo ulimsimama tarehe 3 Oktoba 2017, akiwa na umri wa miaka 55. Hadi siku hiyo, wakili aliyekuwa ameadhibiwa na taaluma yake kutokana na kesi ya John Thompson alikuwa bado mmoja, Michael Riehlmann.